Darasa la Asili ya Muziki, Mji Mkongwe Bagamoyo: Tathmini ya Mwalimu Aliyehudhuria

Bagamoyo haina uhaba wa mahali pa kutazama ngoma. Tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa mwaka 1981, chuo ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mji huu umelea wapigaji, wachezaji na mafundi wa vyombo ambao sifa zao zimevuka mipaka ya nchi, na mgeni anayekuja kutoka Dar es Salaam mwishoni mwa juma hapati shida kuona sindimba au mdundiko. Kilichokosekana ni mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuketi na kuuliza swali lililo nyuma ya ngoma hizo zote: kwa nini binadamu anaimba? Kwa nini kiumbe huyu, ambaye hashibi kwa wimbo wala hakingiwi mvua na mdundo, ametumia muda na nguvu nyingi kiasi hiki kwa ajili ya muziki, tena kila mahali alikopata kuishi? Sasa kipo kikundi kidogo cha walimu, wapiga ngoma na mtafiti mmoja kijana kinachotoa darasa la nusu siku juu ya swali hilo katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, na tathmini hii ni ya darasa hilo. Jina la kikundi silitaji kwa kuwa nina lawama moja nzito juu yao. Anayefika Mji Mkongwe na kuulizia darasa la muziki ataelekezwa bila taabu.

Nafundisha muziki katika shule ya sekondari, na huwa naumia kuwaona wanafunzi wakikariri majina ya noti bila kuwahi kuulizwa muziki wenyewe ulitoka wapi. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa na haja ya kweli. Niseme mapema kwamba darasa linastahili ada yake, ambayo ni shilingi 25,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mwanafunzi, na kwamba sehemu zake mbili za kwanza ni mafundisho mazuri kuliko yote niliyopata kuyasikia kwa Kiswahili kuhusu mageuko ya binadamu. Lawama yangu imo katika sehemu ya mwisho.

Sehemu ya kwanza haina ngoma hata moja. Mwalimu anayeiongoza, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na utulivu mwingi, huwataka wahudhuriaji wafumbe macho, kisha huwasikilizisha nyimbo fupi za lugha wasizozijua na kuwauliza kila wimbo ni wa kazi gani: kucheza, kuganga mgonjwa, kumbembeleza mtoto, au kumweleza mtu mapenzi. Siku niliyokuwapo, bembelezi zilitambuliwa na karibu watu wote, na nyimbo za kucheza vilevile. Za uganga zilileta ubishi, na za mapenzi zilitushinda kabisa. Ndipo alipotueleza kwamba jaribio hilohilo liliwahi kufanywa kwa njia ya intaneti na Samuel Mehr na wenzake, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, ambapo watu wa nchi 60 walisikilizishwa nyimbo za jamii ndogondogo 86 za pembe zote za dunia na wakaonyesha uwezo na udhaifu uleule tuliouonyesha sisi tuliokaa kwenye mikeka ya Bagamoyo. Mwaka uliofuata, 2019, kundi hilo likatoa kazi kubwa zaidi, iliyopitia karibu maelezo 5,000 ya uimbaji kutoka jamii 60 na kuonyesha kwamba tofauti za nyimbo ndani ya jamii moja ni kubwa kuliko tofauti za wastani kati ya jamii na jamii. Kwa lugha nyepesi, tunapishana katika mitindo, lakini shughuli tunazoziimbia ni zilezile.

Kisha mwalimu akamgeukia bibi mmoja wa Kizaramo aliyekuja na mjukuu wake. "Bibi yangu, hebu tuimbie kidogo ile unayomlalizia mjukuu, lakini polepole, tusikie na pumzi." Bibi akaimba. Wakati anaimba, mwalimu alifuata sauti kwa mkono wake hewani, akituonyesha jinsi kila mstari unavyoanzia juu na kushuka, jinsi unavyorudiwa bila kuongezwa chochote, na jinsi bibi alivyokuwa akivuta pumzi mahali palepale kila mara. Nimefundisha uimbaji kwa muda mrefu, na sijaona somo la umbo la lahani lililoeleweka haraka namna ile.

Maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niliheshimu darasa hili. Mtoto wa sokwe, tulielezwa, hung'ang'ania manyoya ya mama yake tangu siku za mwanzo, kwa hiyo mama anaweza kutembea na kutafuta chakula huku mtoto yumo mwilini mwake. Mtoto wa binadamu huzaliwa hajiwezi kabisa, kichwa kikubwa na shingo laini, na mama yake hana manyoya ya kushikwa. Mtafiti wa Marekani, Dean Falk, alipendekeza mwaka 2004 kwamba mama wa kale alipolazimika kumweka mtoto chini ili atumie mikono yake, sauti ndiyo iliyoshika nafasi ya mikono: aliendelea kumgusa kwa sauti. Ellen Dissanayake naye ametetea kwa miaka mingi wazo kwamba mchezo wa sauti, uso na mwendo kati ya mama na kichanga ndio shina la sanaa zote, muziki ukiwamo. Mehr na mwenzake Max Krasnow wakaongeza jambo lenye ukali kidogo: mtoto ana haja ya kujua kama mzazi yuko makini naye, na wimbo ni uthibitisho mgumu kughushi, maana mtu hawezi kuimba vizuri karibu na sikio la mtoto huku fikra na macho yake yako kwingine. Yule bibi alitikisa kichwa kukubali kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Lililo zuri ni kwamba mwalimu hakuliuza wazo hili kama jibu la mwisho. Alisema wazi kwamba bembelezi inaeleza vizuri wimbo wa mtu mmoja kwa mtoto mmoja, lakini haielezi kwa nini watu mia moja wakusanyike usiku kucha kucheza pamoja. Swali hilo aliliacha wazi, tukatoka uani.

Uani kulikuwa na moto mdogo wa makuti, na ngoma zimeinamishwa kuuelekea ili ngozi zikaze. Mzee anayeongoza sehemu hii alianza bila kusema neno: alipiga mapigo ya kukatakata yasiyo na mpango, akatuashiria tupige makofi pamoja naye. Haikuwezekana. Kila mmoja alichelewa, makofi yakasambaa kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Kisha akaanza mdundo ulionyooka, na kabla ya kufika pigo la tano au la sita uwanja mzima ulikuwa na kofi moja. "Sasa niambieni," mzee akauliza, "nani amewafundisha?"

Mtafiti kijana alichukua swali hilo na kulifungua vizuri sana. Alisema kwamba aliye na mdundo hasubiri pigo alisikie ndipo apige. Analitabiri, na mkono wake unafika wakati uleule pigo linapofika. Uwezo huo tunauona wa kawaida, lakini katika wanyama ni adimu. Tumbili wa aina ya makaku walipofundishwa katika maabara kugonga kwa kufuata mlio wa saa, walielekea kuchelewa na kugonga baada ya mlio, kwa namna ambayo binadamu hafanyi. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Aniruddh Patel walionyesha kwamba Snowball, kasuku mweupe aina ya kakatuu aliyekuwa akiishi Marekani, aliweza kucheza kwa kufuata mapigo na kubadili mwendo wake muziki ulipoharakishwa au kupunguzwa kasi. Patel alikuwa tayari amependekeza, mwaka 2006, kwamba uwezo huu unatokana na ubongo uliojengwa kwa ajili ya kuiga sauti, jambo ambalo kasuku na binadamu wanalo na tumbili hawana. Wazo zuri, lakini mwaka 2013 alitokea simba wa baharini aitwaye Ronan, mnyama asiyesifika kwa kuiga sauti, akafundishwa kutikisa kichwa kwa kufuata mapigo na akafanya hivyo hata kwa muziki ambao hakuwa ameuzoea. Niliwaona vijana wawili wa chuo wakiandika kwa bidii, nao walikuwa na haki: hapa ndipo mtu anapoona sayansi ikifanya kazi yake, dhana ikisimama, ikisukumwa, ikalazimika kujieleza upya.

Kuna jambo alilogusia ambalo lingestahili muda mrefu zaidi. Mwaka 2009 István Winkler na wenzake walipima mawimbi ya ubongo wa vichanga wenye siku mbili au tatu tangu kuzaliwa, wakiwa usingizini, na wakakuta kwamba pigo kuu lilipoondolewa katika mdundo, ubongo wa kichanga ulishtuka kana kwamba umenyimwa kitu ulichokitarajia. Siku mbili tatu! Mtoto hajajua hata kumtofautisha shangazi na jirani, lakini anajua pigo limeruka. Na katika misitu ya Madagaska, lema wakubwa, jamaa wa mbali wa tumbili, waitwao indri, wanaoimba kwa familia, walithibitishwa mwaka 2021 kuwa na midundo ya vipimo vilevile tunavyovitumia sisi, cha mapigo yanayolingana na cha pigo moja kuwa na urefu wa mara mbili ya jingine, ingawa ukoo wao na wetu ulitengana zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Kwa Watanzania walio na sokwe wa Gombe na Mahale nchini mwao, wanaopiga mashina mapana ya miti kwa mikono na miguu mpaka sauti ikasafiri msituni, sehemu hii inapaswa kuwa chanzo cha fahari na cha maswali. Kikundi kina rekodi ya sokwe wakipiga mashina. Waiweke mapema, na waicheze kwa sauti kubwa zaidi.

Baada ya makofi tuliimba kwa kupokezana, kiongozi na waitikiaji, hadi watu waliofika wakiwa hawajuani wakawa wanacheka pamoja na kushikana mabega. Hapo ndipo mtafiti alipoleta dhana ambayo mimi naiona ina nguvu kuliko zote katika kueleza muziki wa watu wengi. Robin Dunbar wa Oxford anasema kwamba nyani hujenga urafiki kwa kuchambuana manyoya, kazi inayotoa kemikali za faraja ziitwazo endofini, lakini mikono miwili haitoshi kuchambua kundi kubwa. Binadamu, aliyekuwa akiishi katika makundi makubwa zaidi, alihitaji njia ya kuwagusa wengi kwa wakati mmoja, na kucheka, kuimba na kucheza pamoja zikawa njia hizo. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wanaoimba, kucheza au kupiga ngoma huvumilia maumivu zaidi baada ya hapo kuliko wale wanaosikiliza tu. Mwaka 2015 Eiluned Pearce, akishirikiana na Dunbar, alilinganisha madarasa ya watu wazima ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi, akakuta kwamba waimbaji walijenga ukaribu haraka zaidi, ingawa baada ya miezi kadhaa wengine nao waliwafikia. Anayetembea ufukweni Bagamoyo asubuhi na kuwaona wavuvi wakivuta nyavu kwa wimbo anaiona dhana hii ikifanya kazi kwa kamba na jasho.

Wapo wanaoipinga au kuiongezea. Edward Hagen na Gregory Bryant walisema mwaka 2003 kwamba muziki na mchezo wa kundi havijengi umoja bali vinautangaza: kundi linalocheza kwa usahihi linawaonyesha majirani kwamba limekaa pamoja muda mrefu na kwamba ni rafiki wa kutegemewa, au adui wa kuogopwa. Mtu yeyote aliyewahi kuona vikundi viwili vya ngoma vikishindana katika miji ya pwani atakubali kwamba hoja hii haiwezi kutupwa. Mwaka 2021 pande hizi mbili zilitoa makala ndefu katika jarida moja, kwa wakati mmoja, na wataalamu kadhaa wakazijadili.

Charles Darwin alipewa muda mfupi, na nadhani ni sawa. Mwaka 1871 aliandika kwamba uwezo wa muziki ni miongoni mwa mambo ya ajabu zaidi aliyojaliwa binadamu, kwa kuwa haoni faida yake ya kila siku, akakisia kwamba ulianza kama njia ya kuvutiana kati ya wanaume na wanawake, kama nyimbo za ndege. Darasa lilitaja uchunguzi wa mwaka 2015 wa mapacha zaidi ya 10,000 wa Sweden, ambao haukupata ushahidi wa kutosha kwamba wenye kipaji cha muziki wana mafanikio zaidi ya kupata wapenzi au watoto. Lilitaja pia kauli ya Steven Pinker ya mwaka 1997 kwamba muziki ni utamu wa ziada tu, unaofurahisha masikio yaliyoumbwa kwa kazi nyingine. Kauli hiyo ilizua mjadala mkali na wa heshima pale uani, na mama mwalimu aliacha uendelee mpaka chai ilipopoa.

Kisha meza ya vyombo. Wana mfano wa filimbi ya Hohle Fels, pango la kusini mwa Ujerumani: mfupa wa bawa la tumbusi wenye matundu matano, urefu wa kama sentimita 22, uliofukuliwa mwaka 2008 na timu ya Nicholas Conard na wenye umri wa zaidi ya miaka 35,000. Filimbi nyingine za pango la jirani, Geissenklösterle, zimekadiriwa kufikia miaka 42,000. Wana pia picha ya mfupa wa dubu kutoka Divje Babe, Slovenia, uliopatikana mwaka 1995, ambao wengine husema ni filimbi ya Waneandertali, jamaa zetu wa kale waliokwisha kutoweka, na wengine husema matundu yake ni meno ya mnyama mla nyama. Walieleza pande zote mbili. Kijana mmoja akauliza, "Mzee, kwa hiyo hii ya Ujerumani ndiyo muziki wa kwanza?" Mzee hakujibu moja kwa moja. Alileta mzinga wa ngoma ya zamani uliowekwa pembeni, umeliwa na mchwa mpaka unapenya mwanga. "Hii niliikuta ikipigwa nilipokuwa kijana, mwanangu. Itazame. Je, miaka elfu moja ijayo utaikuta?" Mfupa hudumu, gogo, ngozi, mwanzi, kofi na koo havidumu. Na kwa kuwa hakuna jamii ya watu inayojulikana isiyo na muziki, kipaji chenyewe lazima kilikuwapo Afrika kabla wazee wetu hawajatawanyika duniani, zamani sana kabla ya filimbi yoyote ya Ulaya. Hoja hiyo, ikisemwa huku mtu ameshika gogo lililooza, haisahauliki.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho iliniudhi kwa kiasi kile. Baada ya mzee kusema maneno hayo, vijana wachezaji waliingia wamevaa sketi za makuti na msewe miguuni, na mtangazaji akasema, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, kwamba sasa tutaona "binadamu wa kwanza walivyocheza". Walichocheza ni ngoma ya watu wa leo, wenye majina, wenye mitindo iliyobuniwa na kubadilishwa na watu wanaojulikana. Pwani hii ndiyo iliyozaa beni mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuchukua tarumbeta na magwaride ya wageni na kuyageuza kuwa mali yake. Ndiyo iliyopokea taarabu kutoka Unguja na kuipa ladha nyingine Tanga. Ngoma zetu zina historia, na kuzionyesha kama mabaki ya enzi za mapango ni kuwanyang'anya mafundi wake ubunifu wao.

Kosa hilohilo lilirudiwa kwa Wahadzabe. Tulionyeshwa picha zao za kando ya Ziwa Eyasi na kuelezwa kwamba ngoma yao ya epeme, inayochezwa katika giza la usiku usio na mwezi, wanaume wakicheza na wanawake wakiimba, ni "dirisha la kuona zamani". Wahadzabe wana miaka mingi ya mageuko na historia nyuma yao sawasawa na mimi na wewe. Muziki wao unatufundisha jinsi watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula leo wanavyoutumia, nalo ni jambo kubwa, lakini hautupi rekodi ya miaka 100,000 iliyopita. Kuna ushahidi mzuri wa kuonyesha hatari ya kukisia ovyo: Josh McDermott na wenzake walikuta mwaka 2016 kwamba Watsimane wa msitu wa Bolivia hawaoni kwamba sauti zinazopatana ni tamu kuliko zinazogongana, jambo ambalo wengi walidhani limezaliwa na kila mtu. Darasa linalojua kulinganisha dhana kwa uangalifu asubuhi lisiuze hadithi ya watalii ifikapo saa sita mchana. Nilimweleza mtafiti kijana, akanisikiliza kwa adabu na kusema wageni wengi hulipia kwa ajili ya sehemu hiyo. Namwamini, na bado nasema maneno yale yaondolewe. Wachezaji ni hodari na hawahitaji uongo huo kuwapendezesha.

Badala yake wangeweza kuweka habari ya mawe ya mlio ya Moru, ndani ya Serengeti, mwamba wenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa tena na tena na mikono ya watu. Ni chombo cha muziki kilichodumu kwa sababu ni jiwe, kiko Tanzania, na kinaendana kabisa na hoja ya mzee kuhusu gogo na mchwa.

Mengine ni ya kawaida. Darasa huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa saba mchana. Chai, maandazi na mihogo ya kukaanga vimo ndani ya ada. Chumba cha ndani kina joto na feni moja haitoshi. Kijitabu wanachogawa kimeandikwa kwa Kiingereza peke yake, jambo lisiloeleweka kwa darasa linalofundishwa kwa Kiswahili kizuri namna ile, na wahusika wanapaswa kulirekebisha kabla ya msimu ujao. Anayetoka Dar es Salaam kwa basi la Makumbusho aondoke alfajiri, kisha achukue bajaji kutoka stendi hadi Mji Mkongwe.

Wazazi wenye vichanga wasiogope kuja nao, kwa kuwa sehemu ya bembelezi huwa bora zaidi wakiwapo. Walimu wanaotaka kuleta wanafunzi watoe taarifa wiki moja kabla, maana uwanja hautoshi kwa zaidi ya watu 25, na waombe onyesho la mwisho lifupishwe ili makofi, kupokezana na mzinga ulioliwa na mchwa vipate muda wa kutosha.